Vile Vidonge vya Magoti Nilivyokuletea

Maskati, Jumatano

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo yangu uipokee kabla ya neno lolote. Hali yako, magoti yako, usingizi wako? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia tangu Ijumaa. Barua hii atakuletea dada mmoja wa Jego tunayefanya naye kazi mtaa mmoja, anayerudi kesho kwa likizo. Nakuomba uisome peke yako, miwani puani na mlango umeurudisha. Kwenye simu siwezi kuyasema haya. Nikikupigia unaiweka sauti ya juu, na Gazi nzima inaniitikia salamu.

Mama, nimeshtuka. Mpaka leo sijarudi sawa.

Unajua kazi yangu hapa ni kumtunza Bibi, mama mzazi wa tajiri wangu, aliyeshikwa na baridi yabisi kama wewe. Asubuhi ndipo magoti humkaza zaidi. Mimi hukaanga chumvi ya mawe, nikaifunga kwa kitambaa, nikamkanda taratibu mpaka aweze kuinuka kwenda msalani. Yeye huniombea dua huku akinipiga kofi mkononi nikizidisha moto. Kuna nesi anayekuja kila wiki kumpima presha, Mkenya mwenzetu, kwao Nyeri. Tumezoeana kwa sababu ya Kiswahili, ingawa chake kina mashimo kama barabara ya kwenda Kikoneni.

Basi Ijumaa nikamwonyesha picha zako za harusi ya binamu. Nilitaka kujisifu, sikufichi. Ile uliyojitanda leso ya manjano, mashavu yamejaa hata macho yamekuwa madogo. Mdogo wangu Riziki aliponitumia aliniambia wanawake walikuzunguka wakisema, "Mashaallah, umenawiri! Mwanao anakutunza huko Uarabuni!" Nami nilitembea na furaha ile siku mbili, nikidhani kweli ni matunzo.

Nesi hakusema mashaallah. Aliivuta simu karibu, akaikuza picha kwa vidole.

"Huyu ni mamako? Anakunywa dawa gani?"

Nikamwambia ni vidonge tu vya mitishamba, vya viungo.

"Uso imefura hivi tangu lini? Na mbona mikono imekonda? Hii alama nyeusi hapa kwa mkono, aligongwa na nini?"

Nikacheka. Nikamwambia kwetu mtu mzima akinenepa tunamshukuru Mungu.

"Hii si kunona, Mejumaa. Niletee hiyo dawa niione."

Nilikuwa na chupa mbili chini ya kitanda, nimezitayarisha nimpe huyu dada wa Jego akuletee. Akazigeuzageuza. Picha ya goti, picha ya majani, basi. Hapana jina la aliyezitengeneza, hapana orodha ya kilichomo. Akaniuliza zilikusaidia baada ya muda gani. Nikajibu kwa fahari kwamba siku ya tatu uliinuka mkekani bila kushika ukuta, ukarudi kushona makuti. Akaziweka chupa chini. Kisha akasema hajui jani linaloweza kufanya hivyo kwa siku tatu.

Amewahi kuuguza watu wa namna hii. Wauzaji wasio na haya huchukua dawa kali ya hospitali, ile iitwayo steroidi, wakaisaga na kuichanganya na unga wa majani. Maumivu hukatika kweli. Lakini mtu akiinywa miezi na miezi bila kipimo, uso huvimba, mifupa hulegea, sukari na presha hupanda, vidonda hukataa kupona. Alisema hawezi kuapa kwa kuangalia chupa tu, mpaka mtu apimwe. Ila uso wako ulimtia hofu kuliko chupa.

Mwaka mzima, mama! Mimi ndiye niliyevinunua kwa mwanamke anayetuuzia vitu kwenye kundi letu la simu, wala sikumuuliza anavitoa wapi. Mimi ndiye niliyekuambia utupe majani yako ya mbono uliyokuwa ukiyapasha moto na kujifunga magotini, pamoja na yale mafuta ya nazi uliyoyachemshia tangawizi na kitunguu saumu, eti yananuka, eti ni mambo ya kizamani. Nikakulisha kitu nisichokijua, na bado nikajiona mtoto mwema.

Nilimpigia Riziki hapo hapo. Akanithibitishia kwamba ngozi yako siku hizi ikigongwa kidogo tu inafanya weusi. Kisha akasema neno lililonimaliza kabisa:

"Lakini dada, si mama peke yake. Bi Mwanaisha naye anavinywa. Mama humpelekea kwenye kisahani kila Ijumaa, pamoja na mkate wa sinia."

Bi Mwanaisha, jirani yetu, mwenzako wa makuti, mgonjwa wa sukari! Mwenye kidonda cha mguu kisichofunga tangu kabla ya Ramadhani! Nilikaa sakafuni palepale jikoni, maji ya Bibi yakachemka mpaka yakakauka. Kitu kikitoka safarini hakiliwi peke yako, hivyo ndivyo ulivyotulea, na mimi nilipokuwa nikivifunga vile vidonge sikulikumbuka hilo hata mara moja.

Riziki amenieleza ulivyomjibu alipokusihi uende hospitali. "Mwanangu hawezi kuniletea kitu kibaya. Wewe una wivu kwa kuwa yeye ndiye anayenitibu." Ameniambia huku akilia. Jumapili nikakupigia mwenyewe, nimejikaza. Nikasema, "Mama, nenda Msambweni ukapimwe." Ukacheka, "Kwa lipi? Mimi si huyu mzima?" Wageni wako nao wakacheka, mmoja akasema kazi ya Maskati imenitia woga. Nikaona haya kusema mbele yao kwamba dawa yangu ni mbovu. Nikakuitikia tu, "Haya, mama." Haya ile inanitafuna mpaka sasa.

Sikiliza basi, na tafadhali usighadhibike kwanza. Usivitupe vidonge leo. Nakujua, ukikasirika utavimimina vyote chooni. Nesi amenisisitizia: mwili uliozoea dawa ile ukinyimwa ghafla unaweza kuanguka, hata mtu akafa. Daktari ndiye atakayeipunguza kidogo kidogo. Siku ya kupata barua hii, ichukue chupa kama ilivyo, uende na Riziki hospitalini, umwambie daktari umeinywa muda gani, usimfiche kitu. Ukisikia kizunguzungu au kutapika, usingoje asubuhi. Majani ya mbono na kukandwa, endelea. Nesi anasema havidhuru maadamu hujiunguzi. Ila cha kunywa, hata kiwe mzizi uliouchimba mwenyewe, daktari akijue kwanza.

Na Bi Mwanaisha uende naye siku hiyo hiyo. Yeye ndiye wa kuharakishwa, kwa ajili ya mguu ule. Najua ilivyo aibu kupiga hodi kwa jirani na kumwambia ulichompa kwa wema ndicho kinachomdhuru. Mwambie Mejumaa ndiye aliyekosea. Nitajwe mpaka msikitini, sijali.

Yule muuzaji nilimuuliza. Alinijibu kwamba wateja wake wote wanashukuru, kisha akanitoa kwenye kundi. Nimewaandikia wenzangu mmoja mmoja. Wawili nao walishawatumia mama zao vidonge hivi hivi.

Nisalimie mjomba, umwambie koti lake nimelipata. Nisalimie shangazi wa Kikoneni na mashemeji wote, na mwalimu wa chuo aliyenifundisha Kurani. Bi Mwanaisha, kwake sitaki salamu, nataka radhi.

Mama, miaka yote nimetaka uniamini kuliko watu wote, na kumbe umeniamini kiasi hicho. Nimelia kwa hilo kuliko kwa lolote jingine. Sasa nakuomba hivi: mara hii usiniamini mimi. Mwamini Riziki, aliye hapo karibu yako na aliyeuona uso wako ukibadilika. Mshike mkono mwende.

Mwanao aliyekukosea,
Mejumaa