Chandarua Kipya kwenye Beseni la Samaki

Bwera, Jumamosi, Machi 2016

Mvua imenyesha tangu alfajiri na mimi nimeshinda na kinyaa. Hata chai haikupita. Mikono nimeiosha kwa sabuni mara tatu, bado inanuka lile beseni.

Wacha niseme ukweli: wale watoto wa samaki nimewaua mwenyewe.

Samaki wa dhahabu wa baba wamebaki watatu, madume wawili na jike mmoja mzee. Tulipomzika baba kule Karusandara niliwatoa bwawani kwake, nikawaleta kwa jerikeni, nikawachimbia bwawa nyuma ya nyumba. Huyu jike akifa bila kuacha watoto, samaki wa baba ndiyo basi tena.

Kwa hiyo nilifumua gunia la nailoni, nikafunga nyuzi zake kama ufagio, nikaufunga kwenye chupa tupu ili uelee. Jumapili madume walimkimbiza jike mpaka akataga humo. Halafu, Yesu wangu, wakageuka wakaanza kula mayai yao wenyewe! Hata mama mtu! Nilitema mate. Nikanyakua ufagio na mayai yaliyosalia, nikautia kwenye beseni la maji.

Ujuaji ukaniponza hapo. Ndani ya beseni nilitandika chandarua kipya, kile tulichogawiwa bure, ili siku ya kubadilisha maji niwainue watoto wote bila kumpoteza hata mmoja.

Jirani yangu Mama Furaha, muuza vitenge kutoka Butembo, alichungulia uani. "Madamu, hiyo neti ya mupya iko na dawa ya mbu. Itaua batoto ba samaki. Kamata yangu ya zamani, nimeifua miaka mingi, dawa ilishaisha."

Nikakitazama chandarua chake, cheusi kwa moshi, viraka vitupu. Nikacheka. Nikamwambia samaki wa baba hawalali kwenye matambara. Mimi, mwalimu wa sayansi!

Juzi walianguliwa, wembamba kama kope, wameng'ang'ania nyuzi. Nilifurahi nikaimba. Leo asubuhi wote wako chini, weupe, wamefunikwa na ute. Nilipoinua chandarua walinata nacho kama kamasi. Ptuu! Nikatapika palepale kwenye migomba.

Uvundo utaisha. Kicheko changu kile ndicho kinachonichefua mpaka sasa hivi ninapoandika. Wiki nzima nimewatukana wale samaki kwa kula mayai yao, kumbe wao waliyaacha mengine.

Mimi sikuacha hata moja.

Jioni mvua ilipopungua nilikwenda bwawani. Jike bado ana tumbo, anazunguka polepole. Gunia jingine ninalo. Nimejaribu kuomba msamaha mbele ya kioo, na kila mara naishia kujitetea. Lakini kesho tukitoka kanisani nitabisha hodi kwa Mama Furaha, nimwombe lile tambara lake.

Atanipa tu, tena bila kunicheka. Hapo ndipo nitakapoona aibu yenyewe.