Kovu Nililomwonyesha Fatumo

Koome, wallahi leo sijatia chumvi hata punje.

Tulikuwa na kumbukumbu ya wanajeshi hapa Garissa. Jirani yangu Duale, mwanajeshi mstaafu, kawekwa kiti cha mbele, kapakwa manukato, kaletewa nundu ya ngamia. Duale! Yule ninayemfunga bao kila jioni! Mimi niliyewaendeshea lori la maji kambini nimekaa nyuma na watoto.

Wivu ukanipanda. Waliposema waliojeruhiwa vitani wasimame, nikasimama. Nikapandisha kikoi, nikaonyesha kovu. Nikasema ni risasi ya mpakani. Watu wakalia, Koome!

Fatumo hakulia. Mumewe Daud aliuawa huko huko mpakani.

"Abdihafid, si Daud ndiye aliyekufunga huo mguu bandeji? Si ulipigwa teke na ngamia wetu?"

Ngamia wetu! Mbele ya watu wote!

Wazee wakaamua pale pale: beberu wangu wa Idd achinjwe, nyama waile wajane na wanajeshi.

Nimemleta mwenyewe. Nimemchuna mwenyewe. Fatumo akachagua kipande kinono kuliko vyote, nikanyoosha mkono.

Akampa Duale.