Okidi ya Msitu wa Kimwani

Mjukuu wangu Kemilembe,

Habari za masomo huko Morogoro? Sisi huku Kimwani tu wazima, na mama yako anaendelea kuanika kahawa.

Umeuliza ni nani aliyeiweka ile okidi nyeupe juu ya mti wa kivuli shambani. Ni mimi. Wakati wa ujamaa tulikuwa tukifyeka msitu tupate shamba la kijiji. Mti mkubwa ulipoanguka, tulikuta matawi yake yamejaa maua hayo. Mtaalamu wa mimea kutoka chuo kikuu, aliyekuwa mgeni wetu, alituambia kwamba tangu enzi za Wajerumani okidi hiyo ilikaushwa, ikapelekwa Ulaya, ikapewa jina la Kilatini.

“Huko wanajua inavyonukia?” nilimuuliza.

“Hapana, mama. Ikikauka, harufu huisha.”

Nikaomba tuziokoe zilizobaki. Mwenyekiti wa kijiji akakataa. “Maua hayaliwi. Mahindi yanasubiri.”

“Basi nitazihamisha wakati wa chakula,” nikamjibu.

Wanawake wenzangu wakaacha viazi vyao, wakanifuata. Tulizifunga kwenye miti ya mashambani kwetu kwa kamba za migomba. Nyingi zilikufa, lakini yangu ilishika.

Ilipochanua, mwenyekiti alikuwa akipita njiani. Akaingia shambani, akasimama chini yake, kofia mkononi. Nilidhani atanikemea.

“Mama Laurenti,” akasema taratibu, “huo mmea unaweza kugawanywa?”

Nikaenda kuleta kisu, huku nikicheka kwa furaha.

Mungu akutunze, mwanangu.

Bibi yako,
Kokugonza