Mpira wa Pete Hauna Kosa

Kamuli, Kyerwa
14 Julai 2024

Dada yangu Anatolia,

Shikamoo. Kwa heshima zote, na kwa niaba ya familia nzima, natangaza kifo cha kofia yangu ya kanisani. Mbuzi uliyetuachia ameila Alhamisi, ukingo kwanza, kisha katikati. Marehemu ameacha kipara kimoja. Shemeji na wapwa zangu hawajambo huko Bukoba? Sisi tunaendelea, kahawa tunaanika, na wifi yako Placidia anasema kofia ile ilikufa zamani, mbuzi kaizika tu.

Ningepiga simu, lakini unanijua: nitacheka, nitakutania, salio litakwisha na neno lenyewe libaki tumboni. Neno ni la goti la Vero.

Unakumbuka binti yangu alivyokuwa: asubuhi rede, mchana mpira wa pete, jioni anagombea mpira wa miguu na wavulana, na kamba akiruka hadi jikoni. Mwaka juzi, akiwa na miaka kumi na moja, akashinda mita mia nane wilayani. Hapo baba yake, ambaye maishani amewahi kukimbia nyuki tu, akajifanya kocha. Nikamwaza kama mgomba: ukitaka mkungu mnene, kata machipukizi. Nikakata rede, nikakata kamba, nikakata mpira wa pete.

Mwalimu Salvina wa michezo alinifuata hadi kibanjani, katikati ya migomba. Akaniambia kwa upole, Baba Vero, mwache mtoto acheze yote kwanza. Huko kuruka na kudaka ndiko kunakomjengea mguu wa kukimbilia, na kucheka na wenzake ndiko kunakomfanya atamani kurudi kesho. Nikamwuliza kama kwao wanalima migomba au wanalima maneno tu. Alicheka, masikini. Nami nikajiona mjanja.

Basi Vero akawa mtu wa kupanda kilima mbio kila siku, hata Jumapili baada ya misa. Rafiki zake wakachoka kumwita.

Ulipokuja Pasaka ulimkuta anachechemea, nikakuambia kaumia kwenye mpira wa pete shuleni. Ukamsimamisha Mwalimu Salvina mbele ya kanisa, ukamwuliza tangu lini watoto wa watu wamekuwa mipira yake. Mimi nilikuwa pembeni, nakagua viatu vyangu. Tangu siku hiyo wazazi wengi wamewakataza mabinti zao kucheza, mwalimu ameondolewa kwenye michezo, na uwanja wanalishia ng'ombe. Ijumaa wazazi wanakaa kikao cha kuomba ahamishwe.

Dada, mpira wa pete hauna kosa. Vero hajaugusa tangu nilipoukata.

Yaliyotokea ni haya. Jumanne moja mwezi wa tatu aliniambia goti linamwuma. Nikamwambia waitu, mwanangu, hata mimi mgongo unaniuma, mbona shambani nakwenda? Nikashika simu nihesabu dakika, nikamrudisha kilimani mara mbili. Aliposhuka alikuwa anajishikilia kwenye mibuni. Hospitali, daktari alisema hilo si jeraha la siku moja. Mifupa inayokua ikirudia kazi ile ile kila siku huchoka mahali pamoja, lakini mtoto anayebadilisha michezo huupumzisha mwili bila kujua. Kisha akamwuliza alikuwa anacheza nini. Vero akafungua mdomo. Nikamtangulia, nikasema mpira wa pete, shuleni. Alinitazama, akaufunga mdomo, na mpaka leo hajanisema kwa mtu.

Goti litapona, daktari ameahidi. Juzi nilimletea kamba mpya, nikamwambia acheze atakacho. Ameifungia ndama.

Ijumaa nitasimama kikaoni niseme mwenyewe. Nakuomba uje, maana Mwalimu Salvina anastahili kusikia neno kutoka kwetu sote wawili. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na Mungu akulinde njiani.

Barua hii nimempa Vero aisome kabla sijaifunga. Amesema nirekebishe mahali pamoja tu: kilimani hazikuwa mara mbili. Zilikuwa nne.

Mdogo wako,
Novatus