Kaburi la Stéphanie

Dilala, Kolwezi, mwezi wa kumi na moja

Kwako Omer, Baba Stéphanie,

Ninakusalimia mu jina la Bwana. Huku mvua imeanza, na mama yangu anatembea tena muzuri. Muti wa avoka nyuma ya nyumba umezaa sana, tunakula na majirani.

Kuko neno lenye mi nashindwa kukuambia kwa telefone. Mugodi umefika kwenye makaburi, wakatuambia kila mutu ahamishe wafu wake. Juzi nilienda kumutoa mutoto wetu. Wakachimba, wakachimba tena. Hakukuwa mufupa hata moja, Omer. Alikuwa mudogo sana, na miaka kumi na moja imepita. Nikachota ule bulongo kwa mikono yangu, nikauweka mu kikapu.

Nikauliza katekista Lukusa: «Tata, Mungu atamufufua na nini?»

Akapiga magoti pembeni yangu. «Mama Henriette, Adamu aliumbwa na nini? Ni bulongo. Mwenye alimupa Adamu pumzi hatashindwa na mutoto wako. Na huu mulima wenye bamevunja, na muto wenye hauna tena samaki, bitu byote atabifanya bipya.»

Nililia, kisha tukazika kile kikapu upande wa pili, kwenye makaburi mapya, tukaimba.

Ninaamini. Lakini tangu tumuzike mara ya kwanza, wewe ulikimbilia kule Musumba, na mi sikukuuliza kitu. Siku Stéphanie atasimama, atatafuta baba yake. Asinikute peke yangu. Rudia nyumbani.

Muke wako,
Henriette Bilonda