Jina ya Mama mu Maombi ya Asubui

Mama,

Ninajua bantu benye kufa habasomake barua. Pasta akiniona na hii karatasi atatikisa kichwa. Lakini kuko maneno yenye siwezi kumwambia bwana yangu, juu atalia, na mutoto yetu Dorcas iko bado mudogo. Sasa hivi analala usingizi ya saa sita, nimepata nafasi. Basi ninakuandikia weye.

Tangu ulienda, mu lupango yetu hapa Katuba, kiwanja moja na bajirani, asubui ilikuwa imenyamaza, Mama. Unakumbuka vile ulikuwa unafanyaka. Unafagia kwanza. Unanawa uso, unawasha makala mu mbabula, unaweka mayi ya chai, na wakati mayi bado haijachemka, unaomba. Kwa sauti! Kwa majina! Mulango kwa mulango, kuanzia kwa Mama Ngalula, mwenye kuuza makala pale karibu na barabara, mupaka ku mulango yetu. Mayi ikichemka, unasema Amina. Ulikuwa unaniambia mimi Solange yako: "Soso, usingoje siku yenye hauna kazi ili uongee na Mungu. Ile siku haiko."

Na Ngalula mu dirisha yake: "Eh, Mama Solange! Mungu yako iko kiziwi?"

Na weye: "Haiko kiziwi. Ni weye njo uko na usingizi mingi."

Mimi nilikuwa ndani, ninalala. Ulikuwa unakataza banilamushe: "Muache alale, mutoto amemusumbua." Nikiamka, ombi yangu ilikuwa moja tu: Baba, ulinde Mama. Basi. Nilifikiri inatosha. Weye unaombea bantu bote, mimi ninakuombea weye.

Hata ku hospitali, wakati ulikuwa unapumua na shida, nilisema ile ile. Baba, ulinde Mama. Kisha ukaenda.

Kisha kilio kuisha, asubui ya kwanza nilifunga macho, na kinywa yenyewe ikaanza: Baba, ulinde... Unajua mu kanisa yetu hatuombeake mwenye kufa. Na mimi sikukuwa na ombi ingine. Sikukuwa na kintu ingine ya kumwambia Mungu, Mama. Nilibakia pale, mikono imefungana, kama muntu mwenye amefika ku nyumba ya bantu na amesahau juu ya nini alikuja.

Nikaacha. Kwanza siku moja, kisha ikakuwa desturi. Biblia yako niliiweka juu ya kabati na kitambaa juu yake. Bukari tulikuwa tunakula bila kushukuru, bwana yangu ananiangalia tu. Mungu sikumuacha, hapana, siku ya Yenga ninaenda ku kanisa, ninaimba. Lakini mu katikati ya juma nilikuwa mukavu. Nilianza kumupigia Dorcas makelele juu ya bintu bidogo, sukari yenye kumwangika. Siku moja alisikia miguu yangu, akaficha mikono nyuma ya mugongo. Hakukuwa amefanya kintu. Nikasema: eh, njo mimi huyu?

Ile juma yenye ilipita, Mama Ngalula akakuja, mikono nyeusi ya makala. Hakukaa. Alisema: "Soso, tangu mama yako alienda, hakuna mwenye anamwambia Mungu kama Ngalula iko." Nilidhani anacheka. Hakukuwa anacheka. Mutoto yake mukubwa alienda Kasenga kutafuta samaki ya kuuza. Alipanda mutumbwi ku muto Luapula, na telefone yake haiingie tena.

Nilimwambia ukweli: mama, mi sijue kuomba vile. Akanikamata mukono. "Mi ninajua. Nilikuwa ninasikia kila asubui, hata vile nilikuwa ninamutukana."

Na pale pale, Mama, yule mwenye alikuwa anakuita mupiga-kelele akasema ombi yako yote. Na vile unakohoa kwanza! Na vile unasema "Baba, ni mimi tena." Mulango kwa mulango. Alipofika ku yetu akasimama, akaniangalia. "Hapa alikuwa anasemaka: na Soso, Baba, asiniegemee mimi. Akuegemee weye."

Kila asubui, Mama. Na mimi nilikuwa nimelala.

Nililia mu kifua yake mupaka uso yangu ikakuwa nyeusi na makala. Dorcas akacheka. Ngalula naye akacheka, na machozi yake.

Asubui yenye kufuata nikafagia, nikawasha mbabula. Sauti ilitoka kidogo sana. Kutoka mu dirisha: "Ongeza! Sisikie jina ya mutoto yangu!" Nikaongeza. Nikafika pale pa jina yako, nikashindwa. Mayi ilichemka, ikamwangika mu makala, sikuitoa. Kisha nikasema: asante juu ya Mama. Nikaendelea na jina ya Dorcas. Yeye mwenyewe, pale kando yangu, akaombea na mbuzi ya bajirani, sijue nani alimutuma.

Haiko kama mbele, sitakudanganya. Kuko asubui yenye maneno inakuwa kavu, ni kama ninaongea na moto tu. Ninaongea vile vile. Mangaribi ninasoma mustari moja na Dorcas, ninafuata na kidole, juu unajua masomo yangu haikuenda mbali. Yeye anafikiri kidole njo kinasoma. Na mu nyumba makelele imepunguka. Mutoto hafiche tena mikono.

Ninakuwaza sana. Ninakuwaza mupaka mu chumvi ya mboga.

Lakini ninakuahidi: sitangoja moyo ipone ili niombe. Nitaomba nayo vile iko, na Dorcas atanisikia akikomaa.

Pumzika sasa, Mama. Mutoto ya Ngalula hajarudia. Kesho nitaanza na mulango yake, kwa sauti.

Soso yako