Jicho la Pili la Ng'ombe wa Mahari

Otonglo,
Jumatano.

Kwa dada yangu mpendwa Benta,

Pokea salamu zetu. Natumaini mtoto amepona kikohozi, na kwamba shemeji anapata samaki huko Luanda Kotieno. Sisi tu wazima wa mwili. Simu ni ya Baba, na mtu akipiga yeye huketi karibu akisikiliza, kwa hivyo nitampa Mama Achola barua hii akija huko kununua dagaa wa omena.

Unamkumbuka yule ng'ombe mweusi aliyeletwa kwa mahari yako. Ndiye Baba aliyemtenga ili kaka yetu Calvince naye amwoe Dolphine. Tangu shule zifungwe amekuwa akikonda. Tezi zilimvimba chini ya taya na mbele ya bega, tukadhani ni homa ya kupe, akadungwa sindano bila nafuu. Kisha jicho la kushoto likaanza kusukumwa nje, kana kwamba kuna ngumi nyuma yake. Walter, daktari wa mifugo, alichukua damu, na majibu yalipokuja akatuambia ni saratani ya damu iliyoletwa na virusi. Haina dawa, na huwaambukiza ng'ombe wengine, hata kwa kuchangia sindano moja. Alishauri auawe, azikwe. Nilikuwa nimesoma kwamba chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Sikujua askari wanaweza kuongezeka hadi wammalize mwenye nyumba.

Baba alimshukuru Walter, akamsindikiza. Aliporudi alisema, "Akifia kwa kina Dolphine, amefia kwao." Ng'ombe mwingine hatuna, na Dolphine, ambaye tayari anaishi hapa kwetu, ana mimba.

Jumamosi Mzee Wakhisi, babake Dolphine, alikuja na ndugu zake kutazama mahari. Baba alikuwa amemfunga ng'ombe ubavu wa kushoto ukiegemea michongoma, na kamba nene shingoni ikifunika uvimbe. Mgeni mmoja alitania kwamba ng'ombe wa Wajaluo hukonda kwa kulishwa omena. Watu wakacheka, Baba akiwashinda wote. Mzee Wakhisi akaeleza kwamba atamlaza pamoja na ng'ombe wake wa maziwa, ambao ndio wanaosomesha watoto wake.

Niliwanawisha wageni. Kabla chakula hakijapakuliwa, Mzee Wakhisi aliinuka, mikono ingali inadondosha maji, akapita kati ya michongoma na ng'ombe, akasimama huko kitambo. Aliporudi hakugusa kuku wetu. Waliondoka bila kula, na Dolphine akawafuata na begi lake.

Calvince amerudi Nyalenda na hapokei simu. Baba anawaambia watu sokoni kwamba Walter aliuza siri yetu, na baadhi yao wameacha kumwita. Ng'ombe hawezi tena kusimama. Baba amemkataza Walter kukanyaga hapa, kwa hivyo hakuna wa kummaliza. Namsikia akipumua ninapoandika.

Dada, si Walter. Nilipokuwa nikimmiminia Mzee Wakhisi maji nilimwambia, bila kuinua uso, "Mzee, zunguka utazame jicho la pili." Hakuna mwingine aliyesikia. Ng'ombe wake ni wazima, na mtoto wa Calvince atazaliwa kwa watu wasiotaka kutusikia. Nimejaribu kupima mambo haya mawili na sijui lipi zito.

Jumapili tukitoka kanisani nitamwambia Baba. Lakini unanijua, huenda nikanyamaza. Ukisikia bado Walter analaumiwa, usinisubiri. Mpigie Baba, umsomee barua hii.

Msalimie shemeji, na umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Caren